Pale Sauti Inapokatika

9 Februari

Mama mdogo,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, na ninaliandika kwanza kabla woga haujanishika mkono. Mimi huimba. Siyo ile ya kuimba bafuni kama Kaka. Mwisho wa korido yetu kuna kabati la makoti. Naingia, navuta mlango, naegemea makoti ya Mama, na naimba vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuviimba kwa sababu navitunga humohumo gizani. Nikitoka nimelowa jasho na nusu ya wimbo nimeshaisahau. Hakuna anayejua. Shuleni wananiita Kimya, na mwalimu wa muziki anadhani nina kigugumizi.

Haya, limetoka. Sasa adabu: shikamoo. Huku tupo, hatuumwi, tumechoka tu. Mama bado yuko zamu za usiku wodini na analala mchana, kwa hiyo nyumba yetu imekuwa ya kunong'ona. Vikombe tunavitandikia kitambaa visigonge meza. Kaka alinunua viatu vinavyolia kila akikanyaga, akaamriwa avivulie nje kama mtu anayeingia msikitini. Mimi mitihani ni mwaka huu. Mchana kutwa nafundishwa kwa Kiingereza, jioni narudi na kichwa kimejaa maneno ya watu, nalala, naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Nilikusikia redioni kwa jirani. Ulisema unatunga wimbo na yule msanii mkubwa, na kwamba umekwama. Mtangazaji akacheka, wewe hukucheka. Nikataka kukuuliza: unajuaje wimbo umekwisha? Na kwa nini huji tena nyumbani? Mama nikimuuliza anafungulia bomba la maji.

Usinijibu kwa simu ya Mama, namba yako imefungwa mle, nadhani unajua. Yangu imechukuliwa mpaka mitihani iishe. Andika kwa duka la fotokopi lililo mbele ya shule, anwani nimeiweka nyuma ya bahasha. Mwenye duka tunamwita Babu Wino. Hana swali na mtu, yeye anagombana na mashine yake tu.

Kimya


3 Machi

Kimya wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilikaa kwa jirani wa chini muda mrefu. Aliona bahasha akadhani ni watu wa umeme, akaificha kwa kunihurumia. Nilipoisoma niliketi kwenye ngazi. Mwanzo wako nimeusoma mara mbili, na sitamwambia mtu.

Mimi nipo. Ninakaa chumba kimoja juu ya karakana ya kuchomelea mageti. Wakianza kukata chuma siwezi hata kusikia mawazo yangu, wakienda chai ndipo ninapofanya kazi. Kwa hiyo nyimbo zangu zote za mwaka huu zimetungwa saa ya chai ya watu wengine.

Unauliza nafanyaje. Sianzi na maneno. Naguna tu, sauti bila maneno, hasa nikisugua sufuria iliyoungua, maana mkono unapochoka akili inaacha kujionyesha. Naguna mpaka sauti yenyewe ikae. Kwanza napanga viti, ndipo naita wageni. Wengi wanaanza kwa kuita wageni, halafu watu wanasimama ukumbini hawajui waketi wapi. Kama umekwisha au haujaisha, huwa najua pale ninapoanza kuuharibu. Kabla ya hapo sijui.

Huyo msanii mkubwa mimi namwita Bwana Miwani. Havui miwani ya jua hata ndani ya studio, na taa zenyewe wanazizima. Nimeshamwona akijikwaa waya, watu wake wakaulaumu waya. Chumbani huwa wapo wengi. Mmoja kazi yake ni kutikisa kichwa. Akitikisa, wimbo unaendelea. Akiacha, tunaanza upya. Nimeimba miaka yote hii kwenye vyumba vyenye viti vya plastiki na hakuna aliyewahi kunitikisia kichwa kwa ajira.

Wimbo ni wa watu wawili waliogombana, kila mmoja anasubiri mwenzake apige simu kwanza. Beti ninazo. Kiitikio sina. Nimesugua kila sufuria, hakiji. Kwenye bahasha kuna memori kadi. Sikiliza, halafu baada ya beti la pili unigunie kitu chochote kinachokujia. Bila maneno. Na usikipambe.

Kuhusu kuja nyumbani, barabara imekuwa ndefu siku hizi.

Mama yako mdogo


22 Machi

Mama mdogo, shikamoo,

Sisi salama. Mama kabadilishiwa wodi, sasa yuko kwa watoto wachanga, anasema huko angalau wanaolia wana sababu. Kaka amefeli tena jaribio la udereva. Aligonga koni, akashuka kuiomba radhi.

Nimefanya ulivyosema. Nilitumia simu ya zamani ya Kaka, ile iliyopasuka kioo na haina laini. Nilisikiliza beti zako nikiwa kabatini, nikaguna. Mara ya kwanza nilijipamba, ifute. Ya pili na ya tatu ni nafuu. Ya mwisho usiisikilize kabisa. Nilikuwa nimepanda juu, sauti imeanza kukaa kama ulivyosema, nikasikia ndala za Mama kwenye korido. Nikajifunga mdomo palepale, katikati. Inasikika kama mtu aliyezibwa.

Mama alifungua kabati akanikuta nimesimama na makoti. Akaniuliza, "Unafanya nini humo?" Nikasema natafuta sweta. Siku hiyo joto lilikuwa la kukaanga. Aliniangalia kama anavyowaangalia wagonjwa wanaosema dawa wamemeza. Akasema, "Ukiipata niambie, na mimi nahisi baridi." Akarudi kulala.

Nimechoka kujificha, ila sijui kufanya kingine. Kadi nimeirudisha, nimeibandika kwenye karatasi ili isipotee.

Swali langu la pili hukulijibu. Barabara haikui.

Kimya


2 Mei

Kimya,

Marahaba. Unisamehe kwa ukimya, neno lenyewe ni lako lakini mwezi uliopita nimelitumia mimi. Nilikuwa na kikohozi, na jioni nilikuwa natoka studio nikiwa sitaki kushika hata kijiko. Mwambie Kaka koni nyingine zipo, asikate tamaa.

Sasa sikiliza. Nilipeleka kadi yako studio nikiwa na usingizi. Nilikusudia kuwachezea ile ya tatu, nikabonyeza ya mwisho. Ile uliyonikataza. Sauti ikapanda, ikapanda, ikakatika. Mtikisa kichwa akaacha kutikisa, nikajua kazi imeharibika. Kumbe alikuwa amesahau. Prodyuza akasema, "Rudisha hapo." Nikarudisha. "Tena." Nikarudisha. Halafu akaweka ngoma moja baada ya pale unapokatika. Kimya kidogo, kisha ngoma. Mwanangu, nimetunga miaka mingi, sijawahi kupata kiti kama kile.

Hivyo wimbo wote sasa unapanda kuelekea pale. Vingine wamenichukulia. Beti la pili, lile nililolipenda, wamelikata, wanasema watu hawasubiri. Wanataka nusu ya kiitikio iwe Kiingereza ili wimbo uende mbali, wakati hata karibu haujafika. Nilipigania maneno matatu nikapata moja. Unatoka pale umekubali kila kitu na hukumbuki ulikubali saa ngapi.

Bwana Miwani mwenyewe siyo mbaya. Siku moja watu wake walitoka kula tukabaki wawili. Akavua miwani. Macho mekundu, hajalala sijui tangu lini. Akaniambia, "Dada, tangu nipate meneja sijawahi kumaliza wimbo peke yangu. Nikikosea hapa uniambie, hawa hawataniambia." Nikamwambia beti la pili lirudi. Akasema, "Hilo siwezi." Akavaa miwani, wenzake wakaingia.

Wanataka sauti yako, wewe mwenyewe, ibaki ndani ya wimbo. Lakini hujafika umri. Ni lazima mama yako akubali kwa kinywa chake, aongee nao, kabla ya tarehe ishirini. Asipokubali, watatafuta mtu wa kukuiga. Mimi siwezi kumpigia dada. Hilo unalijua hata kama hujui sababu. Ni wewe tu. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, uanze na lile linalokuogopesha.

Mama yako mdogo


19 Mei

Mama mdogo, shikamoo,

Barua yako nimeipata jana. Mashine ya Babu Wino iliharibika, akafunga duka akasafiri kutafuta kipuri, na bahasha yako ikawa imefungiwa ndani naye hayupo. Aliporudi alinikabidhi kama mtu anayekabidhi mtoto aliyepotea. Nikaona tarehe nikaketi palepale juu ya boksi la karatasi.

Jana hiyohiyo nilijaribu. Mama alikuwa ametoka kuamka, yuko jikoni anafunga kamba za viatu vya kazi. Nilisimama mlangoni.

"Mama, Mama mdogo anatoa wimbo mpya."

"Nani kakwambia?"

"Redioni."

Akaendelea na kamba. "Unamhusu nani safari hii?"

Sikuelewa. Nikasema sijui. Akasema, bila hasira, kama anavyosema chai imepoa, "Mimi nimeshaimbwa, mwanangu. Mtaa mzima ulinijua kwa kiitikio. Nilikuwa naingia dukani, watu wanaacha kuimba. Inatosha."

Kisha akachukua mkoba akaenda kazini. Langu halikutoka.

Leo Babu Wino alinipa simu yake. Nilibonyeza namba yako ikaita. Ulipopokea ukasema "Haloo," sauti yako ilikuwa ya mtu mzima sana, nikakata. Sikujua nianzie wapi. Sasa nakuandikia ili uwaambie wasubiri, huku najua barua hii itakufikia tarehe imeshapita. Najua. Naandika hivyohivyo.

Ni wimbo upi, Mama mdogo? Ulisema nini kuhusu Mama?

Kimya


15 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nipo, kikohozi kimepungua. Karakana wamepata kazi ya mageti ya shule, hakuna chai siku hizi, kwa hiyo na mimi sina kazi.

Tarehe ilipita. Walimleta dada mmoja wa kuitikia, mtu mzuri, ana mapacha wadogo na anazunguka studio mpaka miguu inavimba. Alikaa na hedifoni akikusikiliza wewe, anarudia, anarudia. Alikuiga mpaka pumzi. Alipofika pale unapokatika akaniuliza, "Huyu hapa alikuwa anaogopa nini?" Nikamwambia sijui. Akanitazama, akasema, "Basi nitamwogopa mume wangu." Akaimba, ikatoka vilevile. Wote wakapiga makofi. Nilitoka nje nikakaa na walinzi.

Kuhusu wimbo upi, mama yako amekujibu vizuri kuliko nitakavyoweza.

Ile simu iliyokatika tarehe kumi na tisa, namba ilikuwa ngeni, ya mji wenu. Nilidhani ni dada. Nilikaa na simu mapajani jioni nzima, nikaogopa kwenda hata kuoga. Sasa nimejua. Sikulaumu. Nakuambia tu ili ujue ilifika mahali.

Wananiita nikasimame kwenye video. Nitakuwa nyuma, karibu na pazia. Nimechoka, Kimya. Soma mitihani yako.

Mama yako mdogo


30 Julai

Mama mdogo, shikamoo,

Natumaini kifua kimepona. Huku Kaka amepata leseni. Anayeamini ni yeye peke yake, Mama anakwenda kazini kwa miguu.

Wimbo umetoka, huna haja ya kuambiwa. Uko saluni, uko kwenye simu ya Kaka, uko kwa muuza mitumba. Shuleni wasichana wanaimba wakifika pale wanakata wote pamoja, wanashika pumzi, wanaangaliana, halafu mmoja anagonga dawati badala ya ngoma. Wanacheka. Nami nakuwepo. Mmoja aliniambia, "Kimya, hapo pa kunyamaza ndipo pako, sisi tuachie pengine." Nilicheka nao. Nilitaka kusema hapo ni pangu kweli, kwamba pale nilikuwa nimesimama na makoti. Ningesema nani angeamini? Na aliye kwenye wimbo siyo mimi, ni dada mwenye mapacha. Nikisikiliza najisikia kama mtu aliyeona nguo yake imevaliwa na mwingine, na imemkaa vizuri.

Jumamosi Mama alikuwa anapiga pasi sare zake, redio ikilia kwa sauti ya chini. Wimbo ukaja. Nilikuwa nakunja nguo, nikaendelea kukunja taulo moja tu. Ulipokatika, Mama akasimamisha pasi hewani. Akasubiri ngoma. Kisha akasema, "Huu ndio wa mdogo wangu."

Jina lako halikutajwa, wamemtaja Bwana Miwani tu. Nikamuuliza kajuaje.

"Nimelala naye chumba kimoja tangu anazaliwa mpaka naolewa," akasema. "Nisimjue?"

Akapiga pasi kola mara nyingi kuliko inavyohitaji. Halafu akasema, "Safari hii kajiimba mwenyewe."

Nikangoja aendelee. Aliomba nimletee maji ya kunyunyizia. Nilikuwa na nafasi pale, Mama mdogo, mlango ulikuwa wazi kabisa, nami nikaenda kuleta maji.

Kimya


24 Agosti

Kimya wangu,

Marahaba, na mpe Kaka hongera kutoka mbali, tena mbali sana na gari lake.

Hayo maneno ya mama yako pale kwenye pasi nimeyasoma mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo. Sina la kuongeza.

Watu wa Bwana Miwani wameniita tena. Wanataka wimbo mwingine wenye mtu anayekatika, wanadhani ni chumvi, mtu anaongeza kijiko tu. Nimewaambia ninaumwa. Siumwi sana, ila nikiwaza kile chumba miguu inagoma. Yeye mwenyewe alinipigia baadaye, peke yake, akasema kwenye maonyesho huwa anaimba beti la pili kimoyomoyo wakati ngoma inaendelea. Nilimshukuru. Angeimba kwa sauti ningemshukuru zaidi.

Nimeamua nirekodi nyimbo zangu chache humuhumu chumbani, na vyuma vikilia navyo viingie. Na ninataka mmoja uwe wako. Siyo kuguna kunisaidia mimi. Wimbo wako, maneno yako, sauti yako, jina lako.

Lakini usiniletee kadi. Sitachukua tena kitu kutoka nyumba hiyo mwenye nyumba akiwa amelala. Mwambie mama yako kwanza. Akikataa, nitasikia kwamba amekataa, na hutaimba. Akikubali, aje naye, nitapanga viti viwili. Ukishindwa kumwambia, tutaendelea kuandikiana hivihivi mpaka mmoja wetu achoke, na mimi kuchoka nimeshazoea.

Mama yako mdogo


13 Septemba

Mama mdogo, shikamoo,

Tunaendelea. Mitihani ya majaribio imeisha, nimefanya ninavyojua. Babu Wino anakusalimu. Nilimuuliza kama hachoki kupokea barua zisizo zake, akasema zake hazijawahi kuja hata moja, kwa hiyo zangu zinamtoa ukiwa.

Nakuandikia hapa mezani chumbani, ni mchana, nyumba imetulia. Tangu barua yako ije nimejaribu kumwambia Mama mara kadhaa. Nilijaribu akiwa anasuka nywele zangu, maana pale hanioni uso. Nikasema, "Mama." Akasema, "Naam." Nikasema, "Unanivuta." Akalegeza. Ndiyo hivyo tu. Nilijaribu tena asubuhi akirudi kazini, lakini alikuwa na uchovu ule wa siku ambayo mtoto amewafia, ukimwona hivyo unampa kiti unanyamaza.

Nilikuwa nadhani namwogopa atanikataza. Siyo hilo. Ninaogopa atasikia na atanyamaza, na sitajua ule unyamavu una maana gani. Nimeishi humu ndani na unyamavu wa aina nyingi, najua wa usingizi, najua wa hasira, najua wa kukuwaza wewe. Huo mwingine siujui. Lakini nimechoka kuutafuta bila kumuuliza mwenyewe.

Wimbo ninao. Nimeutunga wiki hii, na siyo kabatini, ni nikitembea kutoka shule, watu wakinipita. Haumhusu Mama. Unanihusu mimi na yeye, kwa hiyo nusu yake ni yake, na ni lazima ausikie kabla yako. Usikasirike.

Kitanda chake kimelia. Ameamka mapema.

Anatafuta ndala kwa mguu, nasikia anavyozikosa. Huwa nachukua kitabu cha fizikia naweka juu ya karatasi, nashika kalamu kama mtu anayefanya hesabu. Kitabu kiko hapa karibu na kiwiko. Nimekisukuma kimeanguka upande wa pili wa meza, na yeye amesikia, amesimama kidogo kwenye korido.

Anakuja.

Mlango umefunguka. Ananiuliza naandika nini. Nimemwambia, "Subiri kidogo Mama, nimalize mstari huu, halafu nikusomee tangu juu." Amevuta kiti.